Panya Aliyeshiba Mkate wa Uwele

Binti usiye na jina, koma kulia! Ungefungua mdomo mapema, mwenzako asingekuwa analaumiwa bure. Barua yako naiweka hapa yote, wasome na wengine.

*Dadisa, bibi yetu wa gazetini, nisikilize maana sina wa kumwambia, mimi nasomea mambo ya ubongo na tabia chuoni hapa Jodhpur, na kwenye maabara kila wawili tumepewa panya mweupe tumfundishe kubonyeza kitufe ili apate punje ya chakula, na sharti asile mpaka somo liishe, lakini Dadisa sisi ni watu wa jamii ya Wacharan, kwetu wafu wetu hurudi wakiwa panya, na tangu mama yangu mkubwa afariki nikiona panya ana njaa moyo unakatika, basi kila nikiingia namtilia kwa siri mkate wa uwele wenye samli, sasa panya wa wenzetu wanabonyeza, wetu analala tu, Mwalimu Lodha anasema labda mwenzangu Kesar alimshika vibaya akamtia hofu, Kesar analia, mimi nimenyamaza, na nasikia panya asiyejifunza huondolewa, je, watamuua?*

Huruma yote kwa panya, na Kesar je? Yeye si mtoto wa mtu? Mimi shule niliiacha mlangoni, lakini simu najua kupiga. Nikampigia mwalimu wako, sikukutaja.

"Mwalimu, panya mvivu mnamchinja?"

Akacheka. "Hapa hachinjwi mtu, Dadisa! Tunamwanzishia somo upya polepole."

"Na aliyeshiba?"

"Aliyeshiba habonyezi kitu. Hata mimi nikishiba samli sifundishi."

"Hiyo njaa si ukatili?"

"Jioni anakula, na uzito tunampima. Akikonda tunasitisha."

Nikashusha pumzi, maana hata jikoni kwangu panya huheshimiwa, hafukuzwi. Basi tulia: panya wako mzima, na ubongo wake mzima. Aliyeharibu somo ni wewe na samli yako. Ukitaka kumlisha, omba ruhusa, umpe somo likiisha. Kama kweli ni mama yako mkubwa, hatanuna kungoja chakula cha jioni.

Gazeti hili humfikia Mwalimu Lodha saa ya chai. Mshike Kesar mkono sasa hivi, mwende wote, useme "ni mimi" kabla mwalimu hajamaliza kikombe.