Kamba ya Katikati ya Ukumbi

Jumamosi, 2 Juni 1956
Mkono umevimba kama kiazi. Jana tulipiga muziki ghala la pamba, hapa Tolliver. Kamba katikati kama kawaida, weupe kushoto, sisi weusi kulia. Mpwa wangu Cleotis akapanda juu ya piano, akatoa ule ukelele wake wa nguruwe anayechinjwa — watu wakaiangusha kamba! Wakachanganyika, wakacheza. Utamu wa dakika moja. Kisha rungu. Naibu sherifu Purvis alimpasua mdomo mpiga ngoma wetu, meno mawili chini. Chupa zikaruka. Hata nguzo ya kamba ilivunjika. Mimi nilijificha nyuma ya besi langu, fidla kubwa kuliko mtu. Limekufa badala yangu; mkono tu ndio ulioambulia rungu. Mungu alilaze pema.

Jumatatu, 4 Juni
Purvis kaja nyumbani. Cleotis alikuwa anakula. Akamshika kisogo, akampigiza uso kwenye sahani ya maharage hadi sahani ikapasuka. Ijumaa kamba ikianguka tena, kasema, atamvunja vidole kwa mlango wa gari, kimoja kimoja.
Akanigeukia. "Umesikia, kijana?"
Miaka sabini na moja! Nikamwambia ndiyo bwana, na ahsante, tangu mke wangu afe hakuna aliyeniita hivyo. Teke la mbavu. Nililitafuta mwenyewe.
"Tukimbie," nikasema.
Cleotis akifuta maharage na damu: "Mjomba, Ijumaa yule mtu wa santuri anakuja kutoka Memphis kunisikia. Hatarudi tena."
"Basi imba umekaa."
"Nitakaa. Wewe kamba ifunge kwa yale mafundo yako ya ubaharia."

Jumatano, 6 Juni
Mpiga ngoma karudi. Mkono wake mzuri bado, ila akiongea yale mapengo yanatunyeshea mvua.

Ijumaa, 8 Juni, mapumziko
Niko nyuma ya pazia. Fundo langu hata nyumbu wawili hawalifungui. Nusu ya kwanza Cleotis alikaa kama shemasi. Mtu wa Memphis kapiga miayo, kazima mashine yake ya kunasa sauti, kavaa kofia.
Cleotis kaja mbio. "Mjomba, nasimama."
"Na vidole, we mwendawazimu?"
"Ninavyo kumi." Huyo, kaenda!
Sikuwahi kumwambia. Nguzo si ilivunjika? Basi mimi, bingwa wa mafundo, kamba nimeifunga kwenye mguu wa piano. Piano hiyohiyo anayoisukuma kwa nyonga akipandisha mori! Na ile ncha ya mlangoni Purvis kaiegemea na makalio yake yote.
Kisu ninacho. Nikikata, kamba inaanguka na vidole vya Cleotis vimekwenda. Nisipokata, piano inaivuta kamba na Purvis mzimamzima.
Kelele. Kiti cha Cleotis kimepigwa teke, nimekisikia kikianguka. Mtu wa Memphis kavua kofia. Mashine inazunguka.
Purvis kaniona penye pazia. Ananionyesha fundo kwa rungu, anatabasamu. Kalipenda!
Piano imeanza kusogea.