Baba Anasoma Katuni Zako

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekula na umelala, maana nawajua nyinyi wachoraji. Huku sote hatujambo. Mama maumivu ya mgongo yamemwacha, sasa ananisumbua mimi tu. Baba naye yuko salama, na usiruke mstari huu kama unavyobadilisha mazungumzo nikimtaja kwenye simu, kwa sababu barua hii ni yake.

Lakini kwanza tumalize ugomvi wetu. Anime ya Kijana wa Kengele, ile katuni ya Kijapani ya televisheni, inaelekea mwisho, na nimeiangalia sebuleni tangu ianze, sauti juu. Najua utasema nini. Utasema manga, yaani vile vitabu vya picha, ndiyo mama, anime ni mtoto aliyepotoka. Haya, mengine nakubali. Ni kweli pambano la darajani kwenye kitabu ni ukurasa mmoja tu usio na neno, mtu unabaki umebana pumzi, na hawa wamelivuta kipindi kizima, watu wananing'inia kwenye kamba huku wakisimuliana maisha yao. Tena wameikata ile picha ya kufungulia hadithi, kijana anaondoka nyumbani na baba yake amempa mgongo, wakaanzia moja kwa moja vitani. Hilo hata mimi limeniudhi. Lakini kaka, kengele! Kwenye kitabu unaisoma, huku unaisikia. Siku ilipolia Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akauliza nani amefariki. Kitabu chako kitaweza hayo?

Sasa sikia. Tangu majuzi Baba naye amekuwa akikaa nasi, amejifunika gazeti, lile lile la wiki iliyopita. Tulipofika pale Jemadari Sikio Moja anapoanguka, mimi natafuta kitambaa cha kufutia machozi, Baba akashusha gazeti akasema kwa hasira kuwa watu hawa wameharibu hadithi, Jemadari hafi, anaamka, anapona vidonda vyote na kurudi kambini kucheka na wenzake. Nikamtazama. Nikamuuliza amemjulia wapi Jemadari. Akasema anakwenda kunawa mikono.

Kesho yake nilimpelekea chakula cha mchana kule kibandani kwake anakotengeneza saa, nikakuta saa za watu zimelala kwenye sahani hazijaguswa, na fundi mwenyewe amebana jichoni kile kioo cha kukuzia, ameinamia manga. Ndiyo, zako, zile ulizoziacha kwenye kasha chini ya kitanda. Zile alizoziita vinyago siku mliyogombana, aliposema mtu mwenye akili haachi meza ya saa akaenda mji wa watu kuchora vinyago. Ukaondoka asubuhi yake na yeye ameinamia kazi, hakukuaga wala hukumuaga, na tangu hapo mnasalimiana kupitia mimi kama vile mimi ni mnara wa simu.

Aliponiona hakuficha. Nadhani alikuwa na hamu ya mtu wa kuongea naye. Akanisimulia hadithi yote huku chakula kikipoa. Alisema inaanza na kaburi la Jemadari juu ya kilima, kisha Jemadari anafufuka, majeraha yanajifunga, majeshi yanarudi nyuma kila moja kwake, mji ulioungua unasimama tena, na yule kijana anakaribia kwao huku akizidi kuwa mdogo, kwa maana furaha imemrudishia utoto. Akasema hajawahi kuona hadithi nzuri ya amani kama hiyo, na kwamba ulikuwa sahihi, kitabu kimeipita televisheni kwa mbali.

Umeelewa, kaka? Wewe na maringo yako ulinunua zile za Kijapani chenyewe, zinazofunguliwa upande ambao sisi tunamalizia, ukawa unachambua herufi moja moja na kamusi. Baba hana kamusi, ana picha tu. Amefungua kila kitabu kama anavyofungua kitabu chochote, na kwenye kasha ulikuwa umeweka cha mwisho juu na cha kwanza chini kabisa. Ameisoma hadithi nzima kinyumenyume! Nilijifanya nakohoa mpaka akanipa maji.

Nilitaka kumwambia. Nilishafungua mdomo, na unajua mdomo wangu ukifunguka kazi kuufunga. Lakini alikuwa amefika kile kitabu cha chini, kwenye ile picha waliyoikata. Akanipa kioo nitazame mwenyewe. Kijana yuko mlangoni na kifurushi chake, na mzee yuko ndani, mgongo umeelekea mlango. Baba akasema mtoto wa watu amesafiri njia yote ile, amefika, amesimama pale, na mzee ama hajui, ama anajua na anaona haya kugeuka. Akaniuliza kitabu kinachofuata kiko wapi, anataka kuona kama mzee atageuka. Alikuwa akigeuza jalada huku na huku akitafuta ukurasa mwingine, kaka. Sijawahi kumwona Baba hivyo, na kicheko chote kikaniisha.

Basi nikamdanganya, na sijutii. Nimemwambia kinachofuata unacho wewe. Akafungua saa ya mtu, akaifunga bila kuitengeneza. Kisha akasema nikuandikie ukilete, ila usikitume kwa basi wala usimpe mtu, vitu kama hivyo hupotea njiani. Ukilete mwenyewe.

Mimi na wewe tunajua kitabu hicho hakipo. Lakini si wewe mchoraji? Ukurasa mmoja unatosha. Na ukishindwa kuuchora, njoo hivyo hivyo.

Mama anakusalimu sana na anauliza kama bado unavaa lile shati lenye tundu. Akisikia bado, atalichoma mbele yako. Majirani wote wanakuulizia. Baba hajatuma salamu, ila leo nimemkuta amegeuza kiti chake pale kibandani, sasa kinatazama mlango. Anasema ni kwa ajili ya mwanga.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kidomodomo