Baba wa kitabuni na wewe

Baba yangu,

Ile filamu imetoka, na watu wameanza kukusema.

Najua hukuifikia. Uliondoka duniani mwaka mmoja baada ya kitabu changu kuchapishwa, kabla ya yule binti mwongozaji kutoka Bujumbura kuja Minago na kamera zake. Alipiga picha kwenye ufuko uleule tulipokuwa tukianika ndagala, wale dagaa wa ziwani, akamweka mwigizaji mrefu mwenye sauti nzito awe wewe. Wahakiki wamesifu mengi: wamesifu ziwa, wamemsifu msichana aliyeigiza nafasi yangu, na redioni wakasema hatimaye vijana wetu wamepata hadithi ya vita wanayoweza kuitazama bila kufumba macho.

Lakini mmoja aliandika gazetini hivi: baba wa hadithi hii si mtu, ni malaika. Hakuna aliyepita katika vita ile akatoka msafi namna hii. Mwandishi anatuficha kitu.

Nilikunja gazeti nikaliweka chini ya godoro, kama mtoto aliyeiba.

Unakumbuka jioni niliyokusomea sura ile, kabla sijampelekea mchapishaji? Ulikuwa umelala kitandani, miguu imeshaanza kuvimba. Nilisoma jinsi vijana wenye silaha walivyoingia kwenye kiwanja chetu wakimtafuta Mwalimu Rajabu, jinsi baba alivyosimama mbele ya stoo ya mawese alimojificha mwalimu akasema hapa hakuna mtu, na jinsi mwalimu alivyovuka ziwa kwa mtumbwi akapona. Ulisikiliza mpaka mwisho, kisha ukauliza polepole, "Huyo baba, ulimutoa wapi?"

Nikasema, "Ni wewe, Baba."

Ukageukia ukuta. Hatukuzungumza tena juu ya kitabu.

Wakati ule wa vita nilikuwa na miaka tisa. Ilikuwa mchana, jua kali, na mama alikuwa amekwenda shambani na mdogo wangu Issa mgongoni. Mmoja wa wale vijana wenye silaha alinishika mkono akasema, "Huyu mutoto tutamubeba." Ulinitazama. Hukusema neno hata moja, Baba. Uliinua kidevu tu, kuelekea stoo.

Nilikuandika msafi kwa sababu nilikupenda. Ni wewe uliyenibeba kwa baiskeli kila wiki kwenda Magara kununua samaki wa mikeke, ukiniimbisha herufi za alfabeti njia nzima, na ukipanda kilima kwa miguu ili mimi nisishuke. Nilidhani nakulipa wema wako. Sikumfikiria Mama Nadia, mke wa Mwalimu Rajabu.

Miaka yote aliambiwa mumewe alikamatwa njiani, upande wa Bugarama. Kitabu kilipotoka alikuja dukani kwangu, akanishika mikono yote miwili. "Murakoze, asante," alisema. "Umemupatia mume wangu mutumbwi." Tangu siku hiyo nikawa nikimwona sokoni napita njia nyingine.

Wiki mbili zilizopita filamu ilionyeshwa hapa Rumonge, katika ukumbi wa vijana. Walifunika madirisha kwa vitenge vyeusi. Mama Nadia alikaa safu ya pili, na kila alipotokea mwigizaji aliyekuwa mumewe, alitikisa kichwa kidogo kama anayemjibu mtu. Filamu ilipokwisha tuliitwa mbele, mimi na mwongozaji. Msichana mmoja wa shule akasimama na kipaza sauti.

"Mwandishi, mu gazeti wamesema huyu baba iko musafi sana. Ilipitika hivi kweli?"

Mwongozaji alitabasamu akinisubiri. Ningeweza kusema hadithi ni hadithi. Nilikuwa nimelitayarisha jibu hilo tangu nisome gazeti. Nikamwona Mama Nadia amelaza mkono shavuni, ananisikiliza.

"Hapana," nikasema. "Haikupitika hivi."

Issa alisimama nyuma kabisa. "Dada, kaa chini," alisema bila kupaza sauti.

Nikaomba radhi, nikasema kuna mtu mmoja anayepaswa kusikia kabla ya wengine. Nikashuka, nikamshika Mama Nadia mkono, tukatoka kwa mlango wa pembeni mpaka kwenye benchi nyuma ya ukumbi. Nikamwambia yote: nilivyoshikwa mkono, ulivyoinua kidevu, mlango wa stoo ulivyofunguliwa. Sikukutetea, ingawa ulimi ulitaka.

Kisha akauliza, "Alisema nini, walipomutoa?"

"Aliomba avae viatu kwanza. Akafunga kamba vizuri. Akawaambia, 'Mutoeni mutoto kwanza, asione.'"

"Viatu gani?"

"Vya kahawia."

"Nilimununulia mimi," akasema. Halafu akauondoa mkono wake mkononi mwangu. "Ile maneno iko yangu. Umekaa nayo miaka yote."

Alinyanyuka akaenda zake peke yake.

Siku tatu sikula vizuri. Issa alikuja dukani, akaniuliza kama nimefurahi kumvua baba nguo mbele ya mji. Nilimwambia yeye hakuwepo siku ile. Akasema ndiyo, hakuwepo, lakini yeye ndiye aliyekuosha ulipokufa. Tangu hapo hajanisalimu.

Siku ya nne Mama Nadia aliniita kwake. Hakunikaribisha chai. "Msamaha leo sina," alisema. "Lakini utaisoma mbele ya watu, vile ilikuwa. Na mume wangu alivyosema, usiongeze kitu."

Niliandika sura upya kwa siku mbili. Jumamosi tulirudi ukumbini, safari hii bila filamu, madirisha yakiwa wazi, watu wachache kuliko mwanzo. Issa alikuja, ingawa alisimama mlangoni. Nilisoma. Nilipofika kwenye kidevu chako alitoka nje, na mimi nikaendelea kusoma. Nilisoma pia yaliyofuata: ulivyolala siku nane bila kuongea, ulivyoiuza stoo kwa bei ya bure, na ulivyokuwa ukinishika mkono hata nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto, tukivuka barabara isiyo na gari.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Nadia alikuja mbele akanyoosha mkono. Nikampa karatasi yenye maneno ya mumewe. Akaikunja mara nne, akaifunga katika pindo la kitenge chake, akaondoka bila kuniaga.

Baba, sijui wahakiki wataandika nini toleo jipya likitoka, na sijui kama Issa atarudi. Sikuombei msamaha kwa Mama Nadia, maana si kazi yangu kuuomba wala kuutoa. Dua nakuombea kila alfajiri, kwa jina lako mwenyewe, si la yule wa kitabuni. Ulinichagua mimi siku ile, na mtu mwingine akalipa. Nimeishi na yote mawili, na bado nakupenda.

Pumzika, Baba.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.