Sifuri Moja Juu ya Tangi

3 Februari

Kwako binti yangu,

Za huko mbali? Unakula vizuri, unalala vizuri? Sisi huku tu wazima, mimi na mama yako, ila goti langu la kushoto ndilo lenye maneno mengi, hasa likiona ngazi.

Nina habari ya kukupandisha mabega. Lile tangi jipya la maji hapa kilimani, wamenipa mimi niandike ujazo wake. Tarakimu zenye urefu wa mtu mzima, rangi ya buluu, zionekane hadi sokoni. Msimamizi wa ujenzi akanikunjulia mchoro, nikausogeza hadi puani, na kona ya chini nikakuta jina lako. Nilikaa juu ya mfuko wa saruji bila kupenda. Kumbe ofisi yenu ndiyo iliyolichora, na wewe ndiye uliyeshika kalamu! Mama yako ameshautangazia mtaa mzima. Waliobaki kuambiwa ni kuku wa jirani tu.

Sasa, mwanangu, namba. Umeandika 12,50,000. Nilikufundisha koma ukiwa na miaka sita, kwa chaki, kwenye mlango wa jiko: hesabu tatu kutoka kulia, weka koma, hesabu tatu tena. Hapa katikati naona mbili tu. Ama koma imeteleza, ama sifuri moja imeanguka njiani. Nimemuuliza msimamizi, akasema, "Mzee, wewe paka rangi."

Tangi linafunguliwa tarehe ishirini. Nijibu upesi. Miaka thelathini na moja sijawahi kurudi kufuta namba niliyoandika, na sitaki nianzie kwenye kazi yako.

Baba yako


17 Februari

Shikamoo Baba, shikamoo Mama,

Natumai goti limepunguza maneno. Mimi ni mzima, ila viti vya ofisini vinanimaliza mgongo.

Barua yako imefika leo, nimeisoma nikiwa bado nimesimama getini. Baba, hakuna kilichoteleza wala kuanguka. Huku ndivyo wanavyoandika. Tarakimu tatu za mwisho wanaziacha pamoja, halafu wanakwenda mbili mbili. Laki ndiyo kituo chao: 12 ni laki kumi na mbili, 50 ni elfu hamsini, basi. Wiki ya kwanza niliona kama ofisi nzima imelewa. Nilikuwa nazifunika koma kwa kidole nihesabu upya kwa mtindo wa mlango wa jiko. Mwenzangu wa meza ya pili katoka kwingine kabisa, kwao mahali pa koma wanaweka nukta. Akiandika 1.250 yeye ana elfu moja mia mbili na hamsini, mimi naona moja na robo. Tulibakiza kidogo tu tuuagizie mji mzima mita moja na robo ya bomba.

Lakini kosa ni langu. Mchoro ulikuwa unakuja kwetu, ningeandika kama kwetu. Mkono umezoea ya huku bila hata kunipa taarifa, na hilo ndilo linaloniuma. Wewe andika 1,250,000. Milioni moja na laki mbili na nusu, lita zile zile.

Binti yako


12 Machi

Binti yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Hatujambo, ingawa mimi sijambo la mdomoni.

Barua yako imefika tangi limeshafunguliwa. Nilikusubiri hadi tarehe kumi na tisa, nikaona siwezi kusubiri tena. Nikaongeza sifuri. Nimeandika 12,500,000, mwanangu, tena kwa mwandiko mzuri ajabu. Nilijiambia: mtoto kachoka, sifuri imemponyoka, na jina lake liko pale konani. Wakubwa wakija watamcheka. Nikaona bora nikufunikie.

Msimamizi mpya wa maji hakuuliza karatasi. Alisoma ukutani, akapiga hesabu zake, akafungulia mabomba mji mzima kutwa nzima. Siku ya pili tangi likakauka kau. Watu wakapanga ndoo kutoka bombani hadi kwa kinyozi. Sasa nikipita naitwa Mzee Sifuri. Kinyozi mwenyewe, na upara wake ule, ananiomba nimwongezee sifuri kwenye nywele.

Nacheka nao. Nikifika nyumbani sicheki. Mvua zikikatika tu napanda kufuta, kwa mkono wangu mwenyewe.

Baba yako

Nyuma ya karatasi, mimi mama yako. Yeye hajui kama nimeandika. Aliyokwambia ni kweli, ila kuna jambo kaliruka. Baba yako haoni. Macho yote mawili yana ukungu, mwaka wa pili huu, na barua zako namsomea mimi. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, anatolewa. Yeye anasema mwandika mabango akionekana hospitali ya macho, kazi hapati tena. Na ngazi ya lile tangi ina vipandio arobaini.


1 Aprili

Shikamoo Baba. Shikamoo Mama, na tafadhali isome hii kama ilivyo, usiruke mstari.

Mimi mzima wa mwili. Roho iko juu juu.

Baba, jana nilizitandaza barua zako zote kitandani. Ya mwaka juzi ina mistari ishirini na minane kwa ukurasa. Ya mwaka jana ina kumi na saba. Hii ya mwisho ina tisa. Wewe ndiye uliyenifundisha kuhesabu, basi nimehesabu.

Usipande. Nakuomba, nakusihi, na heshima ikiniishia nakukataza. Nimepewa likizo, naingia tarehe nane Juni. Koma ni zangu, nitakuja kuzifuta mimi, na wewe utanishikia ngazi kama nilivyokuwa nakushikia. Kesho yake tunakwenda kwa daktari wa macho, sote watatu. Usinitajie miaka thelathini na moja. Sina haja na rekodi safi, namtaka baba yangu.

Binti yako


10 Mei

Shikamoo Baba,

Nasikia mvua za huko zimekatika, na barua sijaipata. Kila siku naulizia, hadi karani wa posta ameanza kuniambia pole kabla sijafungua mdomo.

Nijibu hata neno moja. Niandikie hata sifuri tupu, nitajua uko chini.

Binti yako


24 Julai

Mwanangu,

Tunashukuru ulifika salama. Mgongo unaendeleaje na viti vyako? Huku hatujambo, na safari hii ni la moyoni.

Barua hii naandika mwenyewe, na yako ya wiki iliyopita nimejisomea mwenyewe, mama yako kakaa pembeni kanuna kwa kukosa kazi. Hesabu mistari.

Ulipokuja hukuniuliza kwa nini sikukujibu. Nakushukuru. Ni kwamba mvua zilipokatika nilipanda. Vipandio sita. Nikainua uso nilitafute tangi, tangi lote lile, nisilione. Nikashuka. Halafu kila nikishika kalamu nikuandikie kwamba nimeshuka, nashindwa. Niliona haya, mwanangu.

Jana daktari kafungua kitambaa cha jicho la pili. Kutoka hospitali nikapitia sokoni, nikasimama kwa kinyozi, nikanyanyua kichwa. 1,250,000. Unakumbuka ulipomaliza ukapaza sauti kutoka juu, "Baba, zimekaa vizuri?" nami nikajibu, "Vizuri sana!" Niliona buluu tu. Machozi nayo yalikuwepo, lakini hata bila machozi ningeona buluu tu.

Sasa nimeziona. Moja yako imeinama kama mtu anayesikiliza mlangoni. Koma ya pili imeshuka kuliko mwenzake, kiganja kizima. Sifuri ya mwisho ni nene, ilishiba kuliko nduguze. Ungekuwa mwanafunzi wangu wa siku zile, ungepanda tena kabla rangi haijakauka.

Msimamizi wa maji alikuwepo. Akaniambia, "Mzee, sasa unaona, nikuletee ngazi uzinyooshe?" Nimemwambia namba hizo haiguswi hata moja, na atakayethubutu atanikuta nimekaa kwenye kipandio cha kwanza.

Baba yako,
Mzee Sifuri