Komeo la choo cha shule

Mwenzangu, ndiyo kwanza tunatoka kliniki na damu inanichemka.

Si unajua mama mkwe alivyoapa kumkomesha binti yangu kukojoa kitandani? Ikifika jioni mtoto hapewi maji, hata ya kusukutua. Asubuhi godoro linaanikwa mbele ya nyumba, majirani waone. Mtoto wa miaka saba.

Sasa daktari anamuuliza, choo kikubwa unapata? Anajificha nyuma yangu. Baadaye ndiyo anasema shuleni anajibana siku nzima, maana mlango wa choo hauna komeo, wenzake wanausukuma na kumcheka.

Komeo, mwenzangu. Yaani komeo.

Daktari akasema choo kikijaa tumboni kinabana kibofu, ndiyo maana mkojo unamtoka usingizini. Si uvivu wala ukaidi. Anywe maji ya kutosha mchana, na asiaibishwe.

Mama mkwe eti, "Mimi nilikuwa nasaidia."

Muuguzi akampa mtoto kikombe cha maji palepale. Midomo imemkauka. Akakishika kwa mikono miwili, na kabla ya kunywa akamtazama bibi yake.