Karatasi ya Ukutani Haikunji Goti

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
11 Novemba 1955

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu Bakili,

Shikamoo yako imefika, nami naijibu marahaba. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu, isipokuwa mafua ya mvua za vuli yameshika mtaa mzima, na bati la jikoni linavuja palepale ulipoliziba. Wewe hujambo? Na huyo mke mwenzangu Sophia hajambo? Mguu wako siusalimu kwanza, nina maneno nao.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Klara, mpangaji wangu wa chumba cha uani, alitaka kuniandikia, nikamkatalia. Klara ana maneno laini, angekupa pole mara kumi na mbili na barua ingeisha hapo. Herufi nilizojifunza uzeeni kwenye darasa la akina mama zinatosha kukugomba.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema plasta imetolewa tangu mwanzo wa Oktoba, na daktari wa reli kakwambia ukunje goti na utembee kila siku. Mwisho wa Januari atakupima, na goti lisipokunjika hurudi tena kuunga mabehewa, kazi basi. Halafu unasema umeandika ratiba ya mazoezi kwenye karatasi, ukaibandika ukutani. Siku nne ukaifuata, ya tano ukapumzika. Ukaanza tena, siku mbili, ukapumzika. Sasa unaniambia mazoezi yamekushinda, labda ndivyo ulivyoandikiwa.

Mungu usimsingizie, Bakili. Aliyeandika ni wewe, kwenye hiyo karatasi.

Mimi ndiye niliyekulea. Ulipokuwa na miaka saba ulianguka kwenye mchikichi mbele ya wenzio, mdomo ukavimba, ukajifungia ndani siku tatu. Nikadhani unaumwa, kumbe unaona haya. Basi na leo ni hivyohivyo. Wewe si mvivu, hata adui yako hawezi kusema hivyo. Hutaki watu wa Tabora wakuone unachechemea, ndiyo maana mazoezi yako unayafanyia chumbani, kutoka kitandani mpaka dirishani. Na Sophia anakuletea maji ya kunawa hukohuko kitandani. Usikatae, umeandika mwenyewe ukimsifu.

Wala sikucheki. Nami yamenikuta, sikukuandikia kwa sababu niliona haya kama wewe. Sasa kaa kitako usome.

Babu yako alipofariki ulikuja ukamzika, ukarudi kazini kwako. Mimi nikaingia eda, miezi minne na siku kumi. Na eda sina ugomvi, ni ada yetu na ni dini. Ugomvi wangu ni na hao waliokuja kunitunza. Mjane kakatazwa kujipamba na kuzurura, hakukatazwa kufagia chumba chake. Lakini mimi nikinyanyua mkono kushika kata, mtu keshaniwahi. Nikitaka kukunja mkeka, naambiwa niuache. Kaa, bi mkubwa, kaa. Nikakaa. Wali wa nazi ukaja nimekaa, maandazi yakaja nimekaa, na mimi nikaona kumbe ujane una raha yake.

Siku niliyotoka eda, magoti yalikuwa kama bawaba zilizoliwa na kutu. Kuchuchumaa jikoni siwezi. Kusujudu naweza, kuinuka siwezi. Nikawa nasali nimekalia kigoda, mimi Zamzam binti Shomari, niliyekuwa nikitwanga mpunga na mtoto mgongoni. Nililia, nakwambia wewe peke yako.

Dresa wa zahanati akanambia nitembee, kidogo kidogo, ila kila siku. Nikaanza kuuzunguka ua wangu na tasbihi mkononi, kila mzunguko punje moja. Siku ya tatu nikachoka kuutazama ukuta wa choo. Nikaacha.

Nikasema basi nitatoka nje. Nikajitanda buibui langu nikatoka, mikono mitupu, sina kapu, sina chupa ya mafuta ya taa. Lo, mwanangu. Huku kwetu mwanamke mzima hatembei bila ya pa kwenda. Kila baraza niliyopita naulizwa, mama, wapi? Nikisema natembea tu, mtu ananitazama mara ya pili. Nilipofika Mchafukoge, Kanubhai, yule muuza kanga tuliyekuwa tukinunua kwake za Idi, akatoka dukani mbio na kiti na bilauri ya maji. Nikamwambia sina ugonjwa wowote, natembea tu.

"Natembea tu ndiyo nini, bibi?" akauliza. "Nyumbani wamekuudhi?"

Nilipokuwa narudi, habari zilikuwa zimekwishafika mtaani kabla yangu kwamba Bi Zamzam kapungukiwa na akili kwa msiba. Nikamkuta Klara mlangoni analia, na wanawake watatu wamekwishaleta pole. Kesho yake sikutoka. Wala kesho kutwa. Nikarudi kwenye kigoda changu, nikasema kama wewe, ndivyo nilivyoandikiwa.

Sasa Sitara. Unamjua Sitara, mke mdogo wa babu yako, aliyewekewa nyumba kule mtaa wa Gerezani. Unajua pia kwamba kwa miaka ishirini na sita sisi wawili tumesalimiana misibani na siku za Idi tu, tena kwa ncha ya ulimi. Naye alikaa eda kwake siku zilezile nilizokaa mimi kwangu.

Basi mwezi wa Agosti, asubuhi moja, namwona huyo anaingia uani, anakwenda upandeupande kama kaa. Amekuja kuniomba bakora ya marehemu, ati apate ya kujishikizia. Nikamwambia bakora naitumia mimi. Akanitazama miguu, nami nikamtazama yake. Nikamkaribisha mkekani, tukanywa kahawa kama watu waliolazimishwa, tukamsema babu yako kidogo, Mungu amrehemu.

Alipotaka kuaga akashindwa kuinuka. Nikacheka. Nikataka kuinuka nimwoneshe, nami nikashindwa. Ilibidi Klara aje atuvute mmoja mmoja kama magunia ya mkaa. Sitara alipokwisha kusimama, akajifunga kanga vizuri, akasema:

"Bi mkubwa, mume mmoja katuachia magoti manne mabovu."

Tulicheka mpaka Klara akatukimbia. Miaka ishirini na sita sikujua kwamba mwanamke yule anajua kuchekesha.

Mgeni akiaga husindikizwa, hata kama humpendi, hasa kama humpendi. Nikatoka nimsindikize mpaka kona, ili asipate la kusema Gerezani. Tulipofika kona nikaona aibu kumwacha pale, nikaenda naye mpaka nyuma ya soko. Hapo yeye akasema haiwezekani, bi mkubwa hawezi kurudi peke yake, akageuka akanisindikiza mimi mpaka mlangoni kwangu. Sasa mimi nikubali kushindwa adabu na mke mdogo? Nikageuka tena. Siku ile, Bakili, tulikwenda na kurudi mara tatu, kila mmoja anajidai ana adabu kuliko mwenzake, na hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza tunakwenda wapi. Wanatuona tunasindikizana, basi.

Nilipolala niliumwa mwili mzima. Kesho yake nikajiambia leo siendi popote. Halafu nikamkumbuka Sitara, atakavyokaa bombani na ndoo yake awaambie watu kwamba bi mkubwa kazeeka, kulipa ziara ya jana tu kumemshinda. Nikajitanda nikaenda Gerezani.

Toka siku ile hatujakosa. Leo yeye kwangu, kesho mimi kwake, asubuhi watu wanapofungua maduka. King'ora cha karakana ya reli kikilia sisi tuko njiani. Kuna siku ya mvua nilijifanya sikusikia hodi. Akakaa barazani akaniita jina langu kamili mpaka majirani wakatoka. Na kuna wiki aliyougua homa, nikaenda kila siku peke yangu kumtazama, naye kila siku akanisindikiza mpaka kizingitini tu, akaomba radhi kwa hilo kama kaiba kitu. Ratiba hatuna. Tasbihi nimeiacha kwenye mswala inakokaa. Ningekuwa natembea kwa ajili ya magoti yangu ningekwishaacha zamani, maana magoti nayaona kila siku na sina hofu nayo. Mwenzangu je, ambaye kasimama mlangoni ananingoja?

Ijumaa ya juzi nilisujudu chini, kwenye mswala, nikainuka bila kushika ukuta. Nilikaa nikarudia tena, hata mahali pasipokuwa pa kurudia, Mungu anisamehe. Sitara nilimwambia kesho yake. Akasema yeye aliweza tangu Jumatano. Mwongo.

Usimwambie mtu kwamba nampenda. Bado nina sifa yangu mtaani.

Haya, tuje kwako. Nilipomaliza kusoma barua yako nilimwita Klara, nikamuuliza yule kaka yake anayefanya kazi Tabora yuko upande gani. Anaitwa Pantaleo, mtu wa Masasi, mlinzi wa godauni. Kumbe haishi mbali na nyumba za reli, robo saa kwa mguu. Na mguu wenyewe ni mmoja tu ulio mzima, wa pili aliuumiza Bama wakati wa vita na Wajapani, anachechemea kuliko wewe. Klara kamwandikia, naye kajibu, jibu limefika jana.

Atakuja kwako Jumatatu ya tarehe ishirini na moja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akitoka lindoni. Haji kukufanyisha mazoezi. Anakuja kukusalimia kwa niaba yangu, anywe kikombe cha kahawa, aage. Ni mgeni wa bibi yako, tena mtu mzima mwenye mguu mbovu. Sasa nataka nione kama nimelea mtoto wa kumwacha mgeni wa namna hiyo aondoke peke yake, kisa ana goti. Utamsindikiza. Na ukishamsindikiza, Jumanne utamlipa ziara yake, maana hatukulelewa kudaiwa ziara.

Akikucheka unavyokwenda, nawe mcheke. Watu wa Tabora wakitazama, watazame wawili.

Sophia mwambie kwa heshima zangu zote asikuletee tena maji kitandani. Mapenzi yake nimeyaona, lakini mimi nimetunzwa hivyo miezi minne, najua mwisho wake. Kahawa ya Pantaleo aipike yeye kama anapenda, kumfungulia mlango iwe kazi yako.

Na hiyo karatasi ibandue, mwachie Sophia awashie jiko.

Klara anakusalimu sana, na mtoto wake ameota meno mawili. Kanubhai kila nikipita ananiuliza hali yako, siku hizi kiti hatoi tena. Sitara anakusalimu, anasema mjukuu wa mume ni mjukuu, na kwamba bakora ya babu yako tukuletee wewe, sisi hatuihitaji. Nimemkatalia. Nawe hutaihitaji. Msalimie Sophia, umsalimie na Bwana Pantaleo atakapoingia.

Mungu akupe nguvu ya kuinuka kila anapokuamsha, akukinge na magurudumu ya reli, na mwezi wa Januari huyo daktari akukute umekunja goti mpaka kisigino. Nakuombea hivyo kila nikisujudu, na sasa nasujudu mpaka chini.

Jumatatu ukisikia hodi, Bakili, mume wangu, usijifanye umelala. Fungua.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata ninapokugomba,

Zamzam binti Shomari