Maneno Matatu Kwenye Tangazo la Baba

Toledo, 9 Machi

Mdogo wangu Dwight,

Huku theluji imeanza kuyeyuka, na mafundi wangu ishirini na sita wamerudi juu ya mapaa ya watu.

Tangazo la kifo cha Baba uliloliandikia gazeti nimelisoma. Lina maneno mia na arobaini. Chuo chako kimepata thelathini na moja. Mimi niliyemwogesha Baba miezi kumi na minne mpaka anakata roho nimepata matatu: "na binti, Loretta."

Mama mmoja wa kanisani alileta bakuli la makaroni, akanipa pole. "Kumbe marehemu alikuwa na mtoto msomi hivyo! Na wewe, dada, ulisomea wapi?"

"Juu ya ngazi," nikamjibu.

Ulinipigia simu ukasema Mama abaki kwangu kwa sababu "wewe dada umeshazoea." Jibu langu ni hili: ndege ya Mama inatua huko kwako Boston Jumamosi saa nane mchana. Tangu jana amevaa lile sweta lenye jina la chuo chako, hataki hata lifuliwe. Anaamini wewe ndiye uliyemwita. Sikumsahihisha, na wewe usithubutu.

Dada yako,
Loretta